Karakana ya kuosha mazulia, Tabata: unacholipia hasa ni kukaushiwa

Miongoni mwa kazi zote za usafi wa nyumba, kuosha zulia kubwa la sebuleni ndiyo inayoahirishwa kuliko nyingine. Vyombo huoshwa kila siku, nguo hufuliwa kila wiki, mapazia hushushwa sikukuu inapokaribia, lakini zulia huachwa liendelee kubeba mchanga, makombo, chai iliyomwagika na mkojo wa mtoto mpaka mgeni wa heshima atoe taarifa kwamba yuko njiani. Nyumbani kwetu mazulia hupelekwa kwenye karakana moja iliyoko Tabata, Dar es Salaam, ambayo haifanyi kazi nyingine yoyote isipokuwa hiyo. Nimewahi pia kuzitumia njia mbili ambazo wakazi wengi wa jiji hili huzitegemea, yaani vituo vya kuoshea magari na mafundi wanaokuja nyumbani na mashine ya kunyonya maji. Kwa maoni yangu karakana hiyo inastahili bei yake, ingawa ina kasoro ambazo mwenyewe angeweza kuzirekebisha bila gharama kubwa, na inaistahili zaidi kwa jinsi inavyokausha kuliko kwa jinsi inavyoosha.

Asiyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake anaweza kudhani kwamba wanaoikwepa ni wavivu tu. Zulia la manyoya la futi 7 kwa 10 likiwa kavu hukunjwa na mtu mmoja na kubebwa begani. Likishakunywa maji, watu wazima wawili huliburuta huku wakihema. Sabuni ya unga inayomwagwa juu yake kwa ukarimu hutoa povu lisilokwisha, na katika nyumba zinazopata maji kwa mgao, au zinazonunua maji ya boza, kila ndoo ya kusuuzia ina bei yake. Mtu akishasugua kwa brashi mpaka magoti yakamuuma, bado kazi iko nusu, kwa sababu zulia lazima lipandishwe ukutani likauke, na kuta nyingi za nyumba zetu ama zimepandwa vipande vya chupa kwa juu, ama hazikupigwa lipu na zinakichafua upya kila kinachoanikwa juu yake. Manyoya hukauka upesi yakamdanganya mwenye nyumba, mgongo wa zulia ukiwa bado umeloa. Likirudishwa ndani katika hali hiyo, baada ya siku chache sebule nzima hutoa uvundo ambao hauondolewi na udi wala dawa ya kupuliza.

Ni haki pia kusema kwamba wengi wetu hatujawahi kuikwepa kazi hii bali tuliisukumia kwa dada wa kazi, ambaye mgongo wake hauko kwenye hesabu ya mtu yeyote. Anayelalamikia bei ya kuosha zulia karakanani mara nyingi analinganisha bei hiyo na sifuri, na sifuri hiyo imetokana na nguvu za binti anayelipwa mshahara uleule awe ameosha zulia au hakuosha. Kwa mtazamo wangu hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu ya kulitoa zulia nje ya nyumba, hata kama zisingekuwapo sababu za kiufundi ninazozieleza hapa chini.

Mazulia mengi yanayouzwa Kariakoo na katika maduka ya samani yamefumwa kwa mashine, na mengi hunadiwa kama mazulia ya Uturuki, nchi ambayo mji wake wa Gaziantep ni mojawapo ya vitovu vikubwa duniani vya ufumaji wa namna hiyo. Manyoya yake huwa ni nyuzi za plastiki, ama polipropilini ama poliesta, ambazo zenyewe haziingiwi na maji. Maji hukaa katikati ya nyuzi na kuzama hadi mgongoni. Huko mgongoni ndiko matatizo yaliko. Baadhi ya mazulia yana mgongo wa juti, nyuzi zilezile za kutengenezea magunia, na juti ikikaa na unyevu kwa muda mrefu hutoa rangi ya kahawia inayopanda taratibu mpaka juu, kiasi kwamba zulia lililooshwa likang'ara jioni huonekana na madoa mapya asubuhi. Mengine yameshikizwa kwa gundi ya mpira ambayo ikiloweshwa kupita kiasi, na hasa ikiwa imezeeka, huachia, na mgongo ukaanza kutengana na zulia. Juu ya hayo, unyevu ndio chakula cha ukungu, na ndio unaowawezesha wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho kustawi, wadudu ambao wanafahamika kuwachochea pumu na mafua ya mzio wale wenye miili inayowakataa. Katika mji wa pwani kama Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevunyevu mwaka mzima na masika huchukua kuanzia Machi hadi Mei, swali la kumuuliza mwosha mazulia ni moja kabla ya mengine yote: litakauka baada ya saa ngapi?

Karakana ya Tabata ni banda refu la mabati lenye sakafu ya saruji iliyopewa mteremko ili maji yakimbilie kwenye mfereji wa kando. Zulia likifika halipigwi maji kwanza. Hulazwa kifudifudi juu ya wavu wa chuma uliopandishwa kidogo kutoka sakafuni, kisha kijana hulipiga mgongoni kwa kipande cha mkanda wa mashine, akianza katikati na kuelekea pembeni. Nilisimama kulitazama zulia letu likipigwa, zulia ambalo lilikuwa limefagiliwa kila asubuhi na ambalo ningeapa kuwa halina kitu, na chini ya wavu ukajilundika mchanga laini mweupe wa kutosha kujaza kopo la maziwa, pamoja na vipini viwili vya nywele, punje za mchele na gurudumu la gari la mtoto. Hatua hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mchanga uliozama kwenye mashina ya manyoya huyakata kila mtu anapokanyaga, na ukishaloweshwa hugandamana na kuzama zaidi. Wanaoanza kwa maji huosha sehemu ya juu tu na kuusukuma mchanga mahali ambapo hakuna brashi itakayoufikia.

Baada ya hapo huja sabuni, ambayo ni ya maji na imechanganywa kwenye pipa kabla ya kumwagwa, wala si unga unaotupwa mkavu juu ya manyoya. Madoa ya chai na ya mafuta hutangulizwa kupakwa dawa na kuachwa kwa muda, kisha mashine ya brashi ya mviringo hupita zulia zima kwa mistari, kama mtu anayelima matuta. Kinachonifurahisha zaidi ni usuuzaji wao. Msimamizi hutumia kipangusio kirefu cha mpira, akikikandamiza kwa uzito wa mwili wake na kuyasukuma maji kuelekea mfereji, huku akitazama rangi ya maji yanayokusanyika mbele ya ule mpira. Mara ya kwanza hutoka maji meusi, baadaye ya kijivu, kisha meupe kwa povu, na yeye hasimami mpaka yatoke yakiwa kama yalivyoingia. Nilimwuliza kwa nini asiridhike povu linapopungua, akanijibu kwamba sabuni iliyobaki ndani ya manyoya hunata, na zulia lenye kunata huchafuka upya ndani ya wiki mbili, ndipo mteja arudi kudai kwamba halikuoshwa. Jibu hilo ni sahihi, na ningependa lingebandikwa kwenye ukuta wa kila anayefanya kazi hii.

Hata hivyo, kama karakana ingeishia hapo nisingekuwa na sababu ya kuiandikia tathmini ndefu, kwa kuwa mtu mwenye nafasi, maji mengi na subira angeweza kufanya yote hayo uani kwake. Kitu ambacho hana ni mashine ya kukamulia. Hii ni silinda ndefu ya chuma cha pua iliyotobolewa matundu pande zote, iliyolazwa ndani ya ganda jingine la chuma na kufungwa imara kwenye zege. Zulia hukunjwa mkunjo wa mkeka, likasukumwa ndani na vijana wawili, mfuniko ukafungwa kwa komeo, na silinda ikaanza kuzunguka, mwanzoni kwa mtikisiko unaomtia mtu wasiwasi na baadaye kwa mvumo mmoja ulionyooka. Maji hutoka kwenye bomba la chini kwa wingi unaoshangaza, kisha hupungua yakawa uzi, kisha matone. Zulia letu lilipotolewa nililiweka kiganja mgongoni na kukandamiza kwa nguvu; mkono ulitoka na ubaridi wa unyevu lakini hapakuwa na tone hata moja. Zulia ambalo lingehitaji kuanikwa juani kwa siku mbili au tatu, tena kwa kuomba mvua isinyeshe, lilibakiwa na kazi ya saa chache tu kwenye mabomba yaliyoning'inizwa chini ya paa, feni kubwa zikilipulizia kutoka chini. Wanaanika kivulini kwa makusudi, maana jua kali la moja kwa moja hufifisha rangi na kuikausha gundi ya mgongo mpaka ikawa inapukutika. Kabla ya kulikunja hulipitishia brashi kavu ili manyoya yalale upande mmoja.

Jambo jingine ambalo mteja wa Dar es Salaam anapaswa kulichunguza, na ambalo sijasikia likiulizwa, ni maji yenyewe. Visima vingi vilivyochimbwa katika maeneo ya karibu na bahari hutoa maji yenye chumvi, na wafanyabiashara wa usafi huvipenda kwa sababu havina bili ya kila mwezi. Chumvi hubaki kwenye zulia maji yanapokauka: manyoya yanakuwa magumu, rangi nyeusi na nyekundu zinapauka kwa utando mweupe, na kwa vile chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, zulia hurudi kuwa na ubaridi wa majimaji kila jioni hata kama halijaguswa na tone. Karakana hii ina kisima, na haifichi kwamba hukitumia kwa hatua za mwanzo, lakini usuuzaji wa mwisho hufanywa kwa maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanayohifadhiwa kwenye matangi. Siku ambazo maji ya bomba hayatoki kwa muda mrefu husimamisha kazi na kuwaambia wateja wasubiri. Baadhi ya wateja hukasirika; mimi nililihesabu jambo hilo kuwa sifa.

Nikilinganisha na vituo vya kuoshea magari, sitaki kuonekana kama ninawadharau vijana wa huko, ambao wengi wana bidii na hawamzungushi mteja. Faida zao ni za kweli: wako kila mtaa, bei yao huwa kama nusu ya ile ya karakana, na zulia jembamba lisilo na manyoya marefu hulitendea haki kwa sababu halihitaji kazi kubwa ya kukamua. Shida huanzia kwenye zana zao. Pampu ya presha iliyokusudiwa kubandua tope chini ya gari ina nguvu za kung'oa manyoya pale mpini unaposogezwa karibu mno, na huyasukuma maji moja kwa moja hadi mgongoni. Sabuni wanayotumia ni ileile ya kutengenezea povu la magari. Sakafu ni ileile iliyodondokewa na oili na grisi tangu asubuhi, na nyuzi za polipropilini, ambazo hazinywi maji, zina udhaifu wa kuyashika mafuta kwa ukaidi. Wakishamaliza hulitundika zulia kwenye uzio wa barabarani, likikaushwa na upepo huku likipokea vumbi la magari yanayopita, na mteja akifika jioni hukabidhiwa kitu kizito kinachochuruzika kwenye buti ya gari lake. Huko mtu amekwepa nusu nyepesi ya kazi na kurudishiwa nyumbani nusu iliyo nzito. Zulia letu moja lililotoka kwenye kituo cha aina hiyo wakati wa mvua za vuli lilikaa veranda hadi tukalizoea, na harufu yake iliondoka tu lilipopelekwa Tabata.

Mafundi wanaokuja nyumbani na mashine ya kunyunyiza sabuni na kuinyonya wana nafasi yao, na ni nafasi muhimu. Kapeti lililobandikwa ukuta kwa ukuta haliwezi kung'olewa na kupelekwa popote, na vilevile kochi la kitambaa na godoro. Kwa vitu hivyo ndio wa kuitwa, ilimradi waje na mashine yenye nguvu ya kunyonya na wakubali kupita mara ya pili kwa maji matupu. Kwa zulia linalokunjika, sioni kwa nini mtu awaite. Mchanga ulioko kwenye mashina haunyonyeki ukishaloa, sabuni hubaki kwa kiasi, na unyevu wote unaoachwa unapaswa kukaukia ndani ya nyumba yenye watu, madirisha yakiwa wazi na feni zikizunguka usiku kucha. Mkojo wa mtoto ndio kipimo kizuri. Chumvi zake zimeshuka hadi mgongoni, na unyevu wa juujuu huziamsha tu, hivyo harufu hurudi kali zaidi siku inayofuata. Karakanani maji hupitishwa pande zote mbili, na harufu hiyo haikurudi.

Wanaodhani kwamba kumlipa mtu mwingine ashughulikie vumbi la nyumba yako ni anasa ya siku hizi wanaweza kukumbuka kwamba mashine ya kunyonya vumbi yenyewe ilianza kama huduma ya kukodi. Mwingereza Hubert Cecil Booth, aliyeisajili yake mwaka 1901, alikuwa na mtambo mkubwa unaoendeshwa kwa injini na kuvutwa na farasi. Uliegeshwa nje ya nyumba ya mteja jijini London na mipira mirefu ikaingizwa kupitia madirishani. Mwaka 1902 kampuni yake iliitwa kusafisha zulia la Westminster Abbey kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Ni baadaye tu, baada ya mashine ndogo ya umeme iliyobuniwa na James Murray Spangler wa Ohio kununuliwa na familia ya Hoover na kuanza kuuzwa mwaka 1908, ndipo kazi hiyo ilipogeuzwa kuwa jukumu la mwenye nyumba mwenyewe. Kirikuu cha karakana, kigari kidogo cha mizigo kinachoegeshwa langoni kwetu kubeba mazulia, kina mfanano zaidi na farasi wa Booth kuliko na mashine yoyote inayouzwa madukani.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ahadi. Siku unayoambiwa kwamba zulia litarudi ni siku ya matumaini, na likichelewa hupigiwi simu. Wewe ndiye unayepiga, na anayepokea hukujibu kwamba liko njiani wakati ukisikia mvumo wa mashine nyuma yake. Ya pili ni manukato. Baada ya kufanya kazi safi kiasi kile, hulimwagia zulia marashi makali ya dukani ambayo huumiza kichwa kwa siku mbili na, kwa mteja asiyewafahamu, huzua shaka kwamba kuna harufu nyingine inayofichwa. Nimewaomba wasilipake letu na wamekuwa wakikubali, lakini lazima useme kila mara. Ya tatu ni matamvua. Zulia letu moja lina matamvua ya pamba nyeupe kwenye ncha zake, na yalirudi yamesokotana na kupata rangi ya kijivu, jambo ambalo lingeepukika kama yangefungwa kwenye kitambaa kabla ya kuingizwa kwenye silinda.

Ya nne ni ya hatari, na sikuipuuza. Kila zulia huwekewa namba iliyoandikwa kwenye kipande cha kitambaa, kisha kitambaa hicho kikashikizwa pembeni kwa pini za stepla. Kitambaa huondolewa, pini hazikumbukwi. Nilizikuta mbili ndani ya manyoya kwa kupitisha kiganja, katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, na nilipowaambia walikiri bila ubishi lakini sijaona kwamba wamebadilisha utaratibu. Uzi na sindano vingefanya kazi ileile. Hatimaye, risiti yao ina mstari unaosema hawatahusika na uharibifu wowote, na huo mstari ni mpana mno. Mtu anayekuosia zulia kwa malipo anapaswa angalau kuandika hali yake wakati wa kulipokea, madoa yaliyokuwapo, mishono iliyoachia na rangi zenye dalili ya kuchuja, ili pande zote mbili ziwe na cha kurejea. Kwa sasa hilo linabaki juu ya mteja, na ninashauri zulia lipigwe picha mbele na nyuma kabla halijapakiwa.

Yako mazulia ambayo nisingeyapeleka huko kabisa. Zulia la sufi halisi, yaani manyoya ya kondoo, na hasa lile lililofumwa kwa mkono, linahitaji mtu anayejua sufi. Sufi huharibiwa na sabuni zenye magadi mengi, na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita jiki hata ikiwa ya kampuni nyingine, huila sufi mpaka ikayeyuka. Nilimwuliza msimamizi kama hubadilisha sabuni kwa sufi, akasema sabuni yao ni moja kwa mazulia yote. Nilithamini ukweli wake na sikumpelekea la sufi. Mtu aliyerithi zulia la Iran kutoka kwa wazazi, kama zilivyo familia kadhaa za Unguja na Mombasa, afadhali alikung'ute tu na kuliepusha na maji mpaka apate fundi anayeweza kumweleza, bila kubabaika, jinsi atakavyojaribu kama rangi zinachuja kwa kitambaa cheupe chenye maji kabla ya kulilowesha.

Bei huhesabiwa kwa futi za mraba, shilingi 500 kwa kila futi, hivyo zulia la futi 7 kwa 10 lilitugharimu shilingi 35,000, na nauli ya kirikuu ikawa juu yake. Zulia la manyoya marefu sana huongezewa kidogo kwa sababu linakula maji na sabuni zaidi. Wanapunguza ukipeleka mazulia kadhaa kwa pamoja, na majirani wawili watatu wakikubaliana siku moja nauli hugawanywa. Wiki mbili za mwisho za Ramadhani na Desemba yote kuanzia tarehe 10 banda hufurika, mazulia yakirundikwa mabichi yakisubiri zamu ya mashine, na mazulia yaliyorundikwa mabichi ndicho kitu ambacho mtu anawalipa ili kisitokee. Sisi hupeleka letu Januari na tena Julai, hewa ikiwa kavu kidogo kwa kusi, foleni ikiwa fupi, na msimamizi akiwa na nafasi ya kusimama na kipangusio chake mpaka maji yatoke safi.